Anayemfundisha mtoto wako kuhusu dawa za kulevya, yeye alifundishwa na nani?

Kumkinga mtoto na vileo ni kazi yenye masomo, mtihani na maadili yake. Mzazi wa Ndanda, Masasi au Newala ana haki ya kuuliza kabla mgeni hajaingia darasani.

Mabibo yakianza kudondoka chini ya mikorosho, kuanzia Ndanda kule bondeni hadi Newala juu ya uwanda wa Makonde, uraka nao huanza kunukia. Korosho zinakwenda ghalani kusubiri mnada, mabibo yanakamuliwa, na uraka ukichemshwa na mvuke wake kukingwa, inapatikana gongo. Katika kazi zote hizo watoto wapo. Wanaokota, wanabeba ndoo, wanatumwa kilabuni na chupa tupu. Mtoto anayetaka kuonja kileo katika msimu huo hahitaji kumtafuta muuza unga wa mjini. Kikombe kiko nyumbani.

Kisha siku moja shuleni anakuja mgeni wa kutoa elimu ya dawa za kulevya. Ana picha za sindano, ana majina ya heroini na kokeini, na ana kisa cha kutisha cha kijana aliyeharibikiwa. Anazungumza saa nzima uwanjani mbele ya shule yote, wa darasa la tatu na wa darasa la saba pamoja. Anapigiwa makofi, anapiga picha na wanafunzi, anaondoka. Uraka hakuutaja hata mara moja.

Mgeni wa namna hiyo kwa kawaida ana nia njema, na walimu waliompokea wana nia njema vilevile. Lakini wataalamu wa kinga duniani wamekuwa wakilisema jambo hili kwa miaka mingi sasa: kumkinga mtoto na vileo ni taaluma, na si kila anayeweza kuzungumza mbele za watu anaiweza. Taaluma hiyo ina masomo yake, saa za mazoezi, mtihani na cheti. Mzazi akijua cheti hicho kinadai nini, atajua pia la kuuliza, hata kama mgeni aliye mbele yake hana cheti chochote.

Kungwi hajiteui

Katika Hospitali ya Mtakatifu Benedikto pale Ndanda, hakuna anayeruhusiwa kumchoma mtoto sindano kwa sababu tu anapenda watoto. Muuguzi husoma, hufanya mtihani, husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga na kupewa leseni. Dereva wa basi linalotoka Mtwara kwenda Masasi anadaiwa leseni na askari wa barabarani. Kwa anayekuja kuzungumza na watoto kuhusu bangi, pombe na unga, mara nyingi hakuna anayeuliza chochote.

Wazo la kumthibitisha mtu kabla ya kumkabidhi watoto si geni kwa watu wa kusini. Katika jando na unyago, kungwi hajiteui mwenyewe. Hukaa na makungwi wakubwa, akatazama, akasaidia na kusahihishwa, mpaka wazee wakaridhika naye. Kuna anayoyasema kwa mwali na kuna asiyoyasema. Akivunja miiko, jamii inamjua na inamweka kando. Ukiondoa makaratasi, hivyo ndivyo cheti cha kitaaluma kinavyofanya kazi: kujifunza, kusimamiwa, kupimwa, na kubanwa na maadili.

Kwa nini nia njema haitoshi

Mwaka 1983, jijini Los Angeles nchini Marekani, polisi na shule walianzisha programu iliyoitwa D.A.R.E., ambapo askari waliingia madarasani kuwafundisha watoto kukataa dawa za kulevya. Wazazi waliipenda, walimu waliipenda, nayo ikaenea katika shule nyingi za nchi hiyo na nje yake. Watafiti walipowafuatilia watoto waliopitia programu hiyo, matokeo yaliwashangaza wengi. Uchambuzi uliojumlisha tafiti kadhaa, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kuwa programu hiyo ilipunguza matumizi ya dawa kwa kiasi kidogo sana. Mwaka 2009 waendeshaji wake walibadili mtaala na kuweka mwingine unaowapa watoto nafasi ya kujadiliana na kufanya mazoezi.

Mafunzo ya aina hiyo, pamoja na tafiti za nchi nyingine, yamekusanywa katika Viwango vya Kimataifa vya Kinga dhidi ya Matumizi ya Dawa za Kulevya. Viwango hivyo vilitolewa na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, UNODC, mwaka 2013. Toleo la pili lilitolewa mwaka 2018 kwa pamoja na Shirika la Afya Duniani.

Waraka huo unataja mambo ambayo katika elimu ya shuleni yameonekana kutoleta matokeo. Hotuba ambayo mtoto anasikiliza tu ni mojawapo. Mengine ni kumjaza mtoto taarifa peke yake, hasa za kumtisha, kumtegemea askari awe ndiye mwalimu wa somo, na kumleta mtu aliyewahi kutumia dawa ili asimulie yaliyomkuta.

Hilo la mwisho huwaumiza baadhi ya watu, kwa hiyo lieleweke vizuri. Waliopata nafuu ya uraibu wana kazi kubwa na ya heshima ya kuwashika mkono wenzao walio kwenye matibabu, na ziko taasisi zinazotoa cheti maalumu kwa kazi hiyo. Tatizo ni kumsimamisha mtu mbele ya watoto wa miaka 11 asimulie jinsi alivyotumia. Mtoto anaweza kuondoka na ujumbe ambao haukukusudiwa: huyu alitumia, akaacha, na leo anaheshimiwa na walimu.

Vilevile, picha za dawa ambazo watoto hawajawahi kuziona zinaweza kuamsha udadisi ambao haukuwapo. Mtaalamu aliyefunzwa hutanguliza uchunguzi kabla ya mafunzo. Anataka kujua watoto wa hapa wanaanza na kileo gani, wakiwa na umri gani, wapi, na nani huwapa. Katika vijiji vya mikorosho, majibu ya maswali hayo yanaweza kumwelekeza kwenye uraka, gongo, sigara na bangi kabla ya kufika kwenye unga.

Suala la umri lina uzito wake. Utafiti mkubwa uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1997 uligundua kuwa walioanza kunywa pombe kabla ya kutimiza miaka 15 walikuwa na uwezekano wa karibu mara nne wa kuwa waraibu wa pombe maishani, wakilinganishwa na walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi. Kila mwaka ambao kikombe cha kwanza kinacheleweshwa ni faida kwa mtoto.

Cheti kinadai nini

Mfano unaojulikana zaidi ni wa muungano wa vyeti uitwao IC&RC, ulioanzishwa Marekani mwaka 1981. Cheti chake cha Mtaalamu wa Kinga kinadai saa 2,000 za kazi ya kinga dhidi ya pombe, tumbaku na dawa nyingine. Mwombaji pia anatakiwa kuwa na saa 120 za masomo, na katika hizo saa 6 ziwe za maadili ya kazi ya kinga. Juu yake kuna saa 120 za kufanya kazi chini ya msimamizi, kisha mtihani. Cheti hakidumu milele. Kila baada ya miaka miwili mwenye nacho hutakiwa kuonyesha kuwa amesoma saa nyingine 40.

Kwa Afrika Mashariki, njia iliyo karibu zaidi inapitia Mpango wa Colombo, jumuiya ya ushirikiano wa nchi iliyopewa jina la jiji la Sri Lanka ilikoasisiwa. Jumuiya hiyo ina mtaala wa kimataifa wa kinga pamoja na kituo cha kutahini na kutoa vyeti. Mtaala una njia mbalimbali: kinga kupitia familia, shule, mahali pa kazi, vyombo vya habari, mazingira na jamii kwa jumla. Nchini Kenya, mamlaka ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, NACADA, imekuwa ikitumia mitaala hiyo kufundisha watu wake. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa fani hii, ISSUP, kilichoanzishwa mwaka 2015, kina tawi nchini humo.

Kwa Tanzania Bara, mwenye dhamana ni Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, DCEA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Wengi huijua kwa ukamataji wa shehena, lakini elimu kwa jamii ni sehemu ya majukumu yake. Shule au kijiji kinachotaka mtoa elimu kina mahali pa kuanzia.

Saa 2,000 ni nyingi kiasi gani?

Hapo ndipo wazazi na walimu wa vijijini wanapopata ugumu. Mtu aliyeajiriwa kwa kazi hii tu, saa 40 kwa wiki, hufikisha saa 2,000 kwa takribani mwaka mmoja. Mwalimu wa malezi anayepata saa nne kwa wiki baada ya vipindi vyake vya kawaida angehitaji wiki 500, yaani zaidi ya miaka tisa. Ongeza ada, safari na mtihani. Kwa mwalimu wa Newala, cheti cha namna hiyo kiko mbali kama Dar es Salaam kwa miguu.

Kwa hiyo si sahihi kusema asiye na cheti akae kimya. Mwalimu wa malezi, padre, sheikh, muuguzi, ofisa ustawi wa jamii na mwenyekiti wa kijiji wataendelea kuzungumza na watoto, na wanapaswa kufanya hivyo. Palipo na mtaalamu mmoja mwenye cheti katika mkoa au wilaya, kazi yake si kuzunguka shule zote akihutubia. Kazi yake ni kupanga, kuwafunza hao waliopo, kuwasimamia na kupima matokeo.

Kuna jambo jingine ambalo cheti kinalinda, nalo ni usalama wa mtoto. Mtaalamu aliyefunzwa maadili hatauliza mbele ya darasa, "Nani hapa ameshavuta bangi, anyooshe mkono." Hatamtaja mtoto kwa jina katika mkutano wa kijiji. Hatasambaza picha ya mwanafunzi mtandaoni ikiwa na maneno ya dawa za kulevya. Hatajifanya daktari. Akikutana na mtoto ambaye tayari anatumia, atajua wapi kwa kumpeleka na namna ya kuzungumza na wazazi wake. Pia hatapokea fedha kutoka kwa anayeuza kileo kisha akawafundisha watoto kuhusu kileo.

Mtoto aliyeaibishwa mbele ya wenzake anaweza kuacha shule, na nje ya shule hatari ya vileo huwa kubwa zaidi. Elimu iliyokusudiwa kumlinda inageuka njia ya kumsukuma huko.

Maswali saba ya kuuliza

Barua ikitoka shuleni kwamba kutakuwa na mgeni wa kutoa elimu ya dawa za kulevya, mzazi au mjumbe wa kamati ya shule anaweza kumuuliza mwalimu mkuu, au mgeni mwenyewe, maswali haya kwa heshima:

1. Ulifundishwa wapi kazi ya kinga, na kwa muda gani? Jibu zuri linataja kozi na saa. "Nina uzoefu" pekee halitoshi.

2. Nani anakusimamia? Mtu mwenye taasisi au msimamizi ana pa kushtakiwa akikosea.

3. Utakuja mara ngapi? Siku moja ya hotuba haina nguvu kama mfululizo wa vipindi vifupi.

4. Umewagawa vipi watoto kwa umri? Wa darasa la tatu na wa kidato cha tatu hawahitaji maneno yaleyale.

5. Watoto watafanya nini wakati wa kipindi? Kinachosaidia ni mazoezi: namna ya kukataa kikombe bila ugomvi, namna ya kufanya uamuzi, namna ya kukabili hasira na shinikizo la marafiki.

6. Mtoto akikufuata faraghani akakuambia anatumia, au kwao kuna anayemwumiza, utafanya nini? Asiye na jibu la swali hili hajawa tayari kuingia darasani.

7. Wazazi nao wana kikao chao? Kinga inayomfundisha mtoto na kumwacha mzazi nje ina mguu mmoja.

Anayeijua kazi hii hatachukia maswali hayo. Atafurahi kuulizwa.

Kinga isiyokuwa na kipaza sauti

Masomo ya wataalamu hao yana sehemu ambayo mara nyingi huwashangaza wazazi: kazi kubwa ya kinga haifanyiki kwa hotuba kabisa. Tanzania ilipopiga marufuku pombe za viroba kuanzia Machi 1, 2017, haikumhutubia mtoto yeyote. Ilichofanya ni kuondoa sokoni kileo ambacho mwanafunzi aliweza kukificha ndani ya soksi. Hiyo ndiyo kinga ya mazingira.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe na sigara. Kijiji kinachoamua kwa pamoja kwamba hakuna kilabu kitakachompimia mtoto uraka, hata kama ametumwa na baba yake, kinatekeleza sheria hiyo na kinafanya kazi ya kinga bila gharama yoyote.

Nchi ya Iceland hutajwa sana kwa jambo hili. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa huko wa miaka 15 na 16 walisema walikuwa wamelewa ndani ya siku 30 zilizotangulia. Kufikia mwaka 2016, walikuwa asilimia 5. Walichofanya ni kuwauliza wanafunzi kila mara hali ikoje na kuzirudishia shule majibu yao. Waliongeza michezo na shughuli za baada ya masomo, wakasimamia saa za watoto kuwa nje usiku, na wazazi wakakubaliana kanuni moja. Iceland ni tajiri kuliko Masasi, lakini wazazi kukubaliana kanuni moja hakuhitaji utajiri.

Nyumbani, Viwango vya Kimataifa vinaweka mafunzo ya malezi kwa wazazi miongoni mwa njia zenye ushahidi mzuri zaidi. Mambo yenyewe hayana ugumu wa kuelezeka. Mzazi ajue mtoto yuko wapi na yuko na nani. Kanuni ya nyumba kuhusu pombe iwe moja, isemwe wazi, na adhabu yake ijulikane mapema isiwe ya hasira ya siku ile. Mtoto asikilizwe kabla ya kukaripiwa. Na asitumwe kununua wala kuonja kileo, kwa sababu anayeagizwa chupa leo anafundishwa kuwa chupa ni jambo la kawaida.

Msimu wa mauzo ya korosho unadai uangalizi zaidi. Fedha zipo mikononi, muziki unapigwa, na kijana aliyelipwa kwa kuokota au kupulizia mikorosho ana shilingi zake mfukoni. Kuzungumza naye kabla ya malipo, kuhusu atakachofanya na fedha hizo, kunaweza kusaidia kuliko kumfokea baada ya kulewa.

Pa kuanzia

Kila Juni 26 ni Siku ya Kimataifa ya Kupiga Vita Dawa za Kulevya, na katika majira hayo maombi ya kuzungumza shuleni huongezeka. Kamati ya shule inaweza kujipanga miezi kadhaa kabla: kuuliza halmashauri kupitia ofisa ustawi wa jamii nani amefunzwa, kuchagua mwalimu mmoja au wawili wa kuendeleza vipindi baada ya mgeni kuondoka, na kuwaita wazazi siku ileile.

Mzazi mwenye swali kuhusu dawa za kulevya anaweza kupiga simu ya bure ya DCEA, namba 119. Kwa mtoto aliye hatarini, namba ya huduma kwa mtoto ni 116, nayo ni bure.

Na kijana wa Ndanda anayesomea uuguzi, ualimu au ustawi wa jamii, akiwa anatafuta fani ambayo bado ina watu wachache, hii ni mojawapo. Saa 2,000 huanza na saa ya kwanza, na watoto wa kuifanyia kazi wako pale kijijini kwao.